Ijumaa za Chumba cha Pasi

Ninyi mnaoanza sasa kazi ya kusikiliza wanafunzi, msiniulize kwanza habari za vyeti na mafunzo. Niulizeni habari za pasi. Nasema pasi ya kunyoosha nguo, ile nzito ya makaa, yenye jogoo wa chuma juu ya kifuniko. Ninayo mpaka leo hapa nyumbani, mtaa wa Panda, chini ya meza, na wajukuu wangu huitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Wakiniona naifuta vumbi wananicheka. Wacheke tu. Pasi hiyo imesikia mambo ambayo mapadri na wachungaji wa mji huu hawajayasikia.

Wengi wenu mmekuja kunisalimia na swali lile lile: "Tantine Odile, mulifanyaka namna gani mpaka bantu banafunguka?" Nami kila mara nawajibu kwa mzaha, halafu mkiondoka nabaki na uchungu, kwa sababu jibu la kweli lina jina la mtu ndani yake, na jina hilo huwa sipendi kulitaja nikiwa na haraka. Leo sina haraka. Nitalitaja, lakini mnivumilie nizunguke kidogo kwanza.

Niliingia katika kazi hii bila kujua kwamba ni kazi. Nilikuwa nimeajiriwa kupokea wagonjwa katika zahanati ya chuo kimoja cha ufundi hapa Likasi. Nilifagia, niliandika majina, niliita anayefuata. Muuguzi wetu alikuwa Mama Véro, mwanamke wa Kapolowe, mnene, mkali, aliyeweza kumkamua mtu jipu huku akimtania juu ya mchumba wake. Siku moja wakubwa wa chuo walirudi kutoka mkutanoni Lubumbashi na neno jipya mdomoni: bien-être, yaani ustawi. Wanafunzi wana mizigo, wakasema, lazima wapate mahali pa kuitua. Mahali penyewe pakawa stoo ya viti vilivyovunjika, ubavuni mwa zahanati, na mtu mwenyewe nikawa mimi, kwa sababu, kama alivyosema mkurugenzi wetu, "Odile iko na sura ya muzazi." Nikapewa mafunzo mafupi. Mlangoni wakapigilia kibao: Service d'écoute psychologique, yaani huduma ya kusikiliza mambo ya akili.

Msimu mzima hakuingia mtu. Namdanganya nani, aliingia mmoja, akauliza kama ufunguo wa choo unapatikana hapo.

Mnajua kwa nini. Mji wetu ni mkubwa kwa wageni tu, sisi tunajuana. Ukionekana unaingia katika mlango wenye neno lile, jioni shangazi yako wa Shituru ameshaambiwa kwamba kichwa chako kimeharibika, na Jumapili jina lako linatajwa katika maombi. Isitoshe, hata baadaye, walipoanza kuja mmoja mmoja, aliyekubali kukaa mbele yangu nilimharibia mwenyewe. Nilikuwa nikimkazia macho kama nilivyofundishwa na kumuuliza, "Una nini?" Jibu lilikuwa moja, "Rien, Tantine," hakuna kitu. Kisha akaomba dawa ya kichwa. Niligawa dawa za kichwa mpaka Mama Véro akaja kunigombeza.

"Odile," aliniambia, akiwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni, "muntu wa kwetu hawezi kukaa mbele ya muntu na kusema moyo inamuluma. Atasema kichwa. Atasema tumbo. Umupatie kintu ya kufanya na mikono, na weye usimuangalie. Utasikia."

Kesho yake akaniletea pasi ya marehemu mama yake, imefungwa kwenye kitenge.

Hapo lazima mkumbuke wanafunzi wetu walivyo. Kijana wa Likasi anaweza kulala na njaa, lakini hatakwenda mbele ya profesa na shati lililokunjamana. Na umeme, mnaujua wenyewe. Bwawa la umeme la Koni liko hapo jirani, nyaya nene zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda kulisha migodi, nasi chini yake tunatafuta mishumaa. Kwa hiyo pasi ya makaa ilikuwa mali. Tuliondoa kibao, tukaweka meza, blanketi kuukuu juu yake, bakuli la maji la kunyunyizia, na mlango ukabaki wazi siku nzima. Haukupita muda wanafunzi wakapaita Chumba cha Pasi. Anayekwenda Chumba cha Pasi hana wazimu. Ana shati tu.

Sasa niwape ufundi wenyewe, maana hauko katika karatasi zenu. Meza iweke ili anayepiga pasi atazame dirishani, wewe ukae pembeni, nyuma kidogo ya bega lake, na kazi yako mkononi. Mimi nilishona vifungo. Usiulize ana nini. Uliza habari za shati. "Hii nani alikununulia?" Mtu ataanza na shati, atapita kwa mjomba aliyelinunua, atafika kwa baba aliyeacha kurudi nyumbani, na wewe hujafanya chochote zaidi ya kutunga uzi kwenye sindano. Anayepiga pasi ukosi na mikono tu ana haraka, muache aende zake. Anayerudia mkono mmoja mpaka kitambaa kinang'aa ana neno limemkaa kooni. Na yule anayesikia harufu ya kuungua asiinue pasi, huyo, wadogo zangu, weka sindano chini usogee karibu.

Si kwamba kila aliyekuja alikuwa na huzuni. Kulikuwa na jamaa mmoja wa mwaka wa kwanza, alikuwa akija na furushi la mashati, suruali, hata sketi. Nilimwonea huruma sana mwanzoni. Nikamsikiliza kwa makini, nikangoja, nikanywa maji. Kumbe alikuwa anawapigia pasi wenzake wa bweni kwa malipo. Nikamwambia, "Weye hauna probleme, weye uko na biashara," nikamfukuza asinimalizie makaa yangu.

Na kulikuwa na binti mmoja wa korasi ya kanisa. Hakuwa analala, na nyumbani waliamini kuna mume wa rohoni anayemsumbua usiku, basi akafungishwa saumu baada ya saumu, mpaka mikono ikawa inatetemeka juu ya pasi. Mimi naye tunaabudu Mungu mmoja, sikumcheka wala sikubishana na mchungaji wake. Nilikwenda kumwona huyo mchungaji, nikampa heshima zote, nikamwomba kitu kimoja: aombe pamoja nasi, ila asubuhi mtoto anywe uji. Nikamwambia Mungu hamsikii vibaya mtu aliyeshiba uji. Akacheka, akakubali. Mama Véro akapata nafasi ya kumtibu binti, na maombi yakaendelea. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Ukitaka kumsaidia mtoto wa mtu, lazima ujue kuvaa viatu na kwenda kwao kuzungumza na wakubwa wake, kwa sababu kwetu kijana peke yake mbele ya wazazi hana sauti. Hilo la viatu mlishike, nitalirudia.

Haya. Kabanga.

Alikuwa anasoma umeme, amebakiza mwaka mmoja. Mrefu, mpole, anayeinama kidogo kama watu warefu wanaoogopa kuonekana. Kwao asili yao ni Kasai kama mimi. Babu zetu waliletwa huku kwa kazi ya migodi. Kwetu jina linasema lenyewe: katika mapacha, Mbuyi ni yule wa kwanza kuzaliwa, Kabanga ndiye anayemfuata. Kwa hiyo siku aliponitajia jina lake nilimwuliza kama mtu yeyote wa kwetu angeuliza.

"Na Mbuyi iko wapi?"

"Iko mu carrière, Tantine," akasema akicheka. "Yee anachimba, minye nasoma. Nikimaliza, minye njo nitamutosha kule."

Ndivyo walivyopatana wao wawili. Mmoja ashuke mashimoni akamlipie mwenzake masomo, na yule wa masomo akishapata kazi amvute ndugu yake juu. Kila Ijumaa Kabanga alikuja na mashati mawili ya kitambaa kimoja, kwa sababu mapacha kwetu hawapewi tofauti; anachopewa mmoja lazima na mwenzake apewe. Lake alilipiga pasi kwanza, kisha la Mbuyi, ambaye angerudi mjini na vumbi lake akalivae kanisani Jumapili. La Mbuyi alilipiga vizuri zaidi. Nilimtania, "Mbuyi akioa bibi, utabakia na kazi gani?" Alikuwa anacheka mpaka anaweka pasi chini.

Ijumaa moja akaja na mashati mawili kama kawaida. Akapiga la kwanza. Akapiga la pili, lakini hakulikunja. Akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akalilaza mezani na kulinyoosha kwa kiganja. Nikaacha kushona.

"Mbuyi iko muzima?"

"Shimo ilimuangukia, Tantine."

Alisema vile vile mnavyosoma, bila kuinua sauti, macho dirishani. Nikataka kupiga kelele. Nikajizuia, kwa sababu mimi ni mtoto wa kwetu na ninajua. Katika familia kama zetu pacha akifa haliliwi. Hakuna matanga ya kelele, watu hawalali uani na kuomboleza kama kwa maiti mwingine. Wanaogopa kwamba machozi yatamwita na yule aliyebaki. Mama yao alikuwa mtu wa kanisa la uamsho, alishaacha mambo yote ya mababu, alishachoma hata kikapu cha bibi yake kwa kuogopa kilikuwa na laana. Lakini hili moja halikumtoka. Alikuwa amebakiwa na Kabanga, na alimkataza kutoa hata chozi.

Kwa hiyo sikumwambia, "Lia, mwanangu." Mngemwambia ninyi, mngefanya kama karatasi inavyosema, naye asingerudi tena. Nilimwacha apige pasi. Akaendelea kuja kila Ijumaa na mashati mawili, la mzima na la marehemu, kila mmoja na haki yake. Alikuwa akichovya vidole katika bakuli na kunyunyiza maji juu ya kitambaa, na mimi sikuangalia kama matone yote yalitoka kwenye bakuli. Nilijua tu kwamba yale ndiyo matanga yake, na kwamba chumba changu ndicho uwanja.

Baadaye akaanza kusema. Waliochimba na Mbuyi walikuwa wameshika nafasi yake katika timu, hawakuiuza kwa mtu. Mwenye shimo, ambaye wachimbaji wanamwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kana kwamba ana ofisi na katibu, alimtumia mama ujumbe kwamba ndugu wa marehemu anangojewa. Nyumbani kulikuwa na wadogo wanaokula. Mama akamwambia Kabanga achukue kazi ya Mbuyi.

"Na weye unasema nini?" nilimwuliza.

"Minye sijasema."

Ijumaa iliyofuata, "Sijasema bado." Na iliyofuata. Nikamwambia, "Siku utakapotaka kusema, ukuye kwanza hapa. Usiende peke yako."

"Ndiyo, Tantine," akajibu.

Wakati huo tulikuwa tumeletewa mkuu mpya wa huduma, kijana aliyesoma saikolojia, Patrick. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Alikuwa na viatu vya ncha na manukato mengi, lakini alikuwa na moyo. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo kwa miaka yote nililizunguka kwa woga. "Tantine," aliniambia, "kama unaogopa mutoto anafikiria kufa, umuulize neno yenyewe. Haitamupatia mawazo. Itamuonyesha kama haiko peke yake." Mimi nilidhani kulitaja ni kuliita. Nilijikaza, nikamwuliza Kabanga, "Unafikiria kufa?" Aliweka pasi juu ya kigae, akawaza kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo la maana.

"Hapana, Tantine. Nafikiria kushuka."

Alimaanisha shimoni. Nikamwambia Patrick, naye akasema tumshike Ijumaa kwa Ijumaa, asikose pa kuja, huku yeye akitafuta njia ya kumsaidia masomo yake. Tulikuwa tumeelewana kabisa. Nataka mjue hilo.

Mvua zikaingia. Tulifunga madirisha kwa sababu ya baridi, na siku moja binti mmoja akaanguka mbele ya pasi. Moshi wa makaa. Mama Véro alimtoa nje, akapata hewa, akazinduka, ikaisha kwa kicheko. Lakini Patrick hakucheka. Akasema makaa ndani ya chumba ni hatari, siku moja tutaua mtu. Alikuwa na haki, na ninyi msije mkawasha makaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu Tantine Odile alifanya hivyo. Tukapatana kwamba pasi itahamia barazani, na fundi aliahidi kuezeka mabati. Ndani ya chumba wakaweka viti vipya, mito, na zulia. Patrick akapewa na simu ya huduma, ili wanaoona haya waweze kuomba nafasi kwa kupiga.

Kabla fundi hajaleta hata bati moja, tukaitwa Lubumbashi, sisi sote wa huduma, kwa semina ya juma zima. Na semina ilihusu nini? Kusikiliza. Mlinzi akaambiwa atunze viti vipya, akaweka kufuli. Patrick akabandika karatasi yenye namba ya simu. Nilimtafuta Kabanga nimuage kabla ya safari, nikaambiwa yuko kwenye mazoezi ya kazi nje ya mji. Nikajiambia, ni Ijumaa moja tu.

Ijumaa hiyo alasiri nilikuwa katika ukumbi mzuri, tumegawanywa wawili wawili. Mwenzangu alinisimulia shida ya kubuni, kwamba mume wake amemwacha, naye mume wake alikuwa amempigia simu mara ngapi sijui mchana ule. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama tulivyofundishwa. Mkufunzi akanisifu. Alisema nina kipaji.

Tuliporudi, mlinzi alinipa habari za Ijumaa ile kama mtu anayetoa salamu.

"Ule kijana wako wa chemise mbili alikuya Vendredi."

"Akasema nini?"

"Hakusema kintu. Aliniuliza kama utarudia leo. Nikamwambia hapana, numéro iko pale pa mulango. Alisoma, akakaa chini pale pale. Mangaribi njo alienda."

Hakupiga simu. Patrick aliikagua mbele yangu, hakuna aliyepiga. Angeanzaje? Jambo kama lile halianzi na allo.

Ijumaa iliyofuata niliwasha makaa barazani, bila paa, nimeshika mwavuli. Walikuja wengine. Tukamtafuta. Tulikwenda kwao, mtaa wa Kikula, tukakuta nyumba ina watu wengine, mama alishahama na wadogo, majirani hawakujua alikohamia. Patrick alinipakia kwenye pikipiki, viatu vyake vya ncha vikageuka vyekundu kwa udongo, tukapita carrière hadi carrière, mpaka zile za njia ya ziwa Tshangalele. Ukiuliza huko jina la mtu hakuna anayekujibu. Wote wana majina ya mashimoni, na kila mgeni wanadhani ametumwa na polisi. Tulirudi tumenunua samaki waliokaushwa kwa moshi ili safari isionekane bure. Sikuweza kuwala.

Paa la baraza lilikuja kujengwa, zuri sana. Pasi ilifanya kazi pale mpaka nilipostaafu. Walifunguka wengi, wengine leo ni mainjinia, wananisalimia mjini kwa sauti kubwa. Nafurahi, kwa nini nisifurahi. Lakini kila nikipewa shukrani namwona mtu mrefu amekaa chini kwenye simenti na mfuko wa mashati mapajani, anasoma namba ya simu. Nimejaribu kumkasirikia Patrick, haifai, alikuwa na haki juu ya moshi. Nimejaribu kumkasirikia mlinzi, lakini kufuli ilikuwa kazi yake. Naumia, na hata pa kuupeleka uchungu wangu sina.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Septemba, shule zilipokuwa zinafunguliwa, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nikasikia hodi. Mlangoni amesimama mtu mrefu ameinama, mashavu yameingia ndani, anakohoa kikohozi cha vumbi. Mkononi ana mfuko.

"Tantine, fer ya makala ingali?"

Aliulizia pasi ile ya makaa. Sikumjua kwa sura. Nilimjua kwa namna alivyoushika ule mfuko. Nilimkumbatia pale pale mlangoni, nikasahau kumkaribisha, mpaka yeye ndiye akaniambia, "Tuingie, Tantine, bantu banaangalia."

Nikawasha makaa uani, nikaleta meza na bakuli la maji. Akatoa shati jeupe la shule, dogo, la mtoto wa mwaka wa kwanza. Nikamwuliza la nani. Akasema la mwanawe, jina lake Mbuyi, kesho anaanza. Nilitaka kulishika mimi, akakataa. Akalipiga pasi mwenyewe. Nami nikatafuta haraka kitu cha kushona, nikakaa nyuma ya bega lake, uzee wangu ukasahaulika.

Alikuwa amemaliza mkono mmoja akaurudia. Kisha akaurudia tena.

"Ile Vendredi nilikuya, Tantine."

"Najua. Balinielezaka."

"Mama alikuwa ananingoja jioni nimupatie jibu. Nilitaka kumwambia hapana. Njo nilikuya kukuomba unisindikize. Kusema tu mbele yake, weye ukikala pale. Mama hakupandishaka sauti mbele ya muntu mukubwa. Angesikia." Akachovya vidole, akanyunyiza maji. "Pekee yangu sikuweza. Nilifika, alinitazama, nikasema ndiyo."

Hivyo tu. Wadogo zangu, alitaka mtu wa kwenda naye Kikula. Hakuhitaji mito, wala mtaalamu, wala hata pasi. Pale chuoni mpaka kwao ni mwendo wa kutembea huku mnaongea.

"Ningeenda," nikamwambia. "Ningeenda hata na sandale."

"Najua, Tantine."

Akanisimulia mengine kidogo kidogo. Alishuka katika nafasi ya ndugu yake, akalipa shule ya wadogo wote. Umeme anautengeneza kwa majirani tu, vitu vidogo vidogo. Sasa kifua kimekataa, hashuki tena. Nilimsikiliza mpaka nikashindwa. Kuna wakati kusikiliza hakutoshi, na mimi nilikuwa nimengoja kwa miaka. Nikaweka sindano chini, nikainama kutafuta viatu vyangu chini ya kiti.

"Unaenda wapi, Tantine?"

"Kwa mama yako. Utanisindikiza. Tutaongea naye, weye na minye, hata kama ni leo. Ajue kama ulikuwa na neno lako."

Aliweka pasi juu ya kigae, taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Mama alishakufa, Tantine. Wakati ya mvua."

Yeye akageukia dirisha ambalo halikuwepo, tulikuwa uani, akatazama ukuta wa jirani.

"Yee nilimulilia," akasema. "Ile haikatazwe. Nililia mpaka bantu banashangaa, banasema huyu mutoto alipenda mama yake sana. Habakujua kama nilikuwa nalia babili, yee na Mbuyi."

Kisha akalikunja lile shati dogo, ukosi juu, mikono nyuma, vizuri kabisa, akalitia mfukoni na kuniomba maji ya kunywa. Sikuweza kuinuka mara moja kumletea. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.